Mito Mitatu ya Mzee Nati

Kitanda kile kilikuwa cha mwisho kutoka mikononi mwa Mzee Nati, na kilikuwa na tabia moja mbaya: hakikubali kulala.

Si kitanda cha nyumbani. Kilikuwa cha wagonjwa, cha mabomba ya chuma, chenye magurudumu manne na mkono wa kuzungushia upande wa miguuni. Ukiuzungusha mkono ule kwenda kulia, skrubu ndefu iliyojificha uvunguni inasukuma, na upande wa kichwani unanyanyuka polepole mpaka mgonjwa anakaa kitako kama mgeni anayesubiri chai. Ukiuzungusha kushoto, anashuka mpaka mgongo wake unanyooka. Mzee Nati alikichora kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, kama alivyochora vyote, akiinama na kuinuka, akifuta kwa kisigino alipokosea.

Akafariki kabla hajakipaka rangi. Alikutwa asubuhi kwenye kiti chake cha sebuleni, redio inazungumza peke yake.

Rangi nyeupe aliipaka bintiye, mchomeleaji kama babake. Godoro alilishona mjane wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Godoro kwa ajili ya kazi hiyohiyo. Alilikata sponji, akalivika plastiki ngumu ya buluu ambayo maji hayapiti, akalikunja pembe vizuri. Machozi yalimdondoka juu ya plastiki, akayafuta kwa kiganja. Angalau ile plastiki haipitishi kitu, alijisemea, akacheka kidogo na kuendelea.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Mchana mmoja mama na binti walikuwa wamekaa mlangoni mwa karakana wanakula. Kitanda kiko ndani, kimelazwa sawasawa, godoro liko juu yake. Mara wakasikia: kri... kri... kri...

"Paka," alisema binti, mdomo umejaa.

"Paka gani anazungusha skrubu?"

Waligeuka. Mkono wa kitanda ulikuwa unazunguka wenyewe, taratibu, kama unavyozungushwa na mtu asiyekuwa na haraka. Upande wa kichwani ulikuwa unapanda. Ulipanda, ukafika mahali, ukatulia. Haukufika juu kabisa wala haukubaki chini. Ulitulia pale kama mtu aliyepata alipokuwa akipatafuta.

Binti aliweka sahani chini. "Sakafu imeinama," akasema.

"Sakafu hii hii ya miaka yote?"

"Basi ni joto, Mama. Chuma kikipata joto kinatanuka."

 Mama Godoro alikuwa anaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa ile saa ambayo marehemu alikuwa akivua viatu.

Maana Mzee Nati alikuwa na sharti lake. Kitanda hakitoki karakana mpaka yeye mwenyewe akilalie, baada ya chakula cha mchana, viatu vikiwa chini na mikono kifuani. Akisinzia, kitanda kimefaulu. Akigeukageuka, kinarudi kwenye jiliwa, kubanwa na kurekebishwa upya. Mafundi wengine walimcheka wakisema ule si ufundi, ni uvivu wenye cheti. Yeye alikuwa akiwajibu kwa kukoroma.

Hiki cha mwisho alikilalia kuliko vyote. Kila mchana alikuwa juu yake, na kila mara alikiinua kidogo kwanza. Ndipo siku moja, Mama Godoro akiwa anapima kitambaa pembeni, alimsikia akisema, "Kitendawili!"

"Tega!" alijibu, kwa kuwa hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao tangu ujana. Wengine wanagombana, wao wanategana.

"Nikilala nazama, nikikaa naelea."

Mama Godoro alifikiri. "Mtumbwi."

"Mtumbwi unakaa lini?"

"Boya, basi."

"La."

"Kifuniko cha chupa."

Mzee Nati alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kile kilimchukua muda.

"Umenishinda," alisema Mama Godoro. "Haya, nikupe mji?"

Maana ndivyo ilivyo: ukishindwa unampa mwenzio mji, naye anakwenda, anakula, anakunywa, anarudi na jibu. Lakini safari hiyo Mzee Nati aliukataa mji. "Usinipe mji," alisema amefumba macho. "Fikiria kwanza."

Alikuwa bado anafikiria siku waliyomzika.

Basi, kesho yake baada ya ule mchana wa kwanza, kitanda kilijiinua tena, saa ileile, na kikatulia palepale. Na kesho kutwa. Binti alikifungua chote. Akatoa skrubu, akaitazama jino kwa jino, akaipangusa, akaipaka grisi mpya. Akakagua bawaba. Akalala chali sakafuni na kuchungulia kila ungio. Alipotoka uvunguni uso wake ulikuwa mweusi kwa grisi, na haukuwa na dalili ya utani.

"Mama, skrubu hii haijizungushi. Hata ukiweka ng'ombe juu yake haijizungushi. Ndiyo maana Baba aliichagua."

"Najua."

"Na Sista anakuja keshokutwa kukichukua."

Sista alikuwa muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke mrefu mwenye viatu visivyolia. Alikuwa amewaambia mapema: kitanda kipande kadiri mnavyotaka, lakini lazima kilale, na kikilala kikae. Moyo wa mgonjwa ukisimama anamlaza chali hapohapo na kumbonyeza kifua. Kitanda kikikataa, mgonjwa anamfia mikononi.

"Kisipolala," alisema binti, "nitakikata. Mabomba ni mazima, nitayatumia kwingine. Siwezi kumpa mtu kitanda cha namna hii, Mama. Siwezi."

Mama Godoro alishika ukingo wa kitanda kama mtu anayeshika mkono wa mtoto barabarani.

"Ukikikata," alisema, "baba yako atalala wapi?"



Siku iliyofuata binti alileta mnyororo. Alikishusha kitanda, akakifunga upande wa kichwani na bomba la chini, akakaza kwa koleo. "Tutaona," alisema. Wakakaa, wasile.

Saa ilipofika, mkono ulianza: kri. Mnyororo ukakaza. Kri. Mnyororo ukalia. Kisha mkono ukasimama, na ndani ya karakana ile, katikati ya mchana, jua likiwaka mlangoni, walisikia mtu akivuta pumzi.

Haikuwa pumzi ya kawaida. Ilikuwa ya mtu aliyewekewa kitambaa chenye maji usoni. Inavutwa, inakwama, inavutwa tena, ina mapovu ndani yake. Plastiki ya buluu ilikuwa imebonyea katikati, upana wa mabega ya mtu, na lile bonyeo lilikuwa linatetemeka.

"Mfungue!" Mama Godoro alipiga kelele. "Mfungue, mwanangu, anazama!"

Binti alirukia koleo. Mnyororo ulianguka sakafuni, na kitanda kikapanda haraka, kri-kri-kri-kri, mpaka mahali pake. Pumzi ikatulia. Mama Godoro aliweka kiganja kwenye lile bonyeo. Lilikuwa na joto, kama kitanda alichotoka mtu sasa hivi.

Binti alikuwa amekaa chini na koleo mapajani, analia kwa hasira. "Anataka nini, Mama? Aseme basi! Maisha yake yote mafumbo, na akifa mafumbo?"

"Alishasema," alijibu Mama Godoro. "Mimi ndiye sijaelewa."

Kesho yake Sista alifika mchana, na bahati haikuwa upande wao, kwani alifika saa ileile. Alikisifia kitanda. Akasukuma, magurudumu yakateleza bila kelele. Akabonyeza godoro, akamkonyeza Mama Godoro kumpongeza.

"Sasa kilazeni nione."

Binti alimtazama mamake. Akazungusha mkono kushoto. Kitanda kikalala sawasawa, kizuri, kimenyooka kama mstari wa chaki. Sista alitikisa kichwa kwa kuridhika, akatoa kalamu.

Kri.

Akainua macho.

Kri... kri... kri...

 Kitanda kilipanda mpaka mahali pake na kutulia. Mama Godoro alingoja Sista akimbie au acheke, mojawapo. Lakini Sista alirudisha kalamu mfukoni. Akazunguka upande, akainama, akautazama mwinamo wa godoro kwa jicho moja kama fundi anavyotazama ubao. Alipoinuka, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama, nani hapa alikuwa mgonjwa wa moyo?"

"Hakuna," alisema Mama Godoro. "Marehemu mume wangu alikuwa mzima tu. Alilala akiwa kwenye kiti, akaitwa."

"Kwa nini kwenye kiti?"

"Alipenda redio."

"Na kabla ya kiti?"

"Kabla ya kiti alilala kitandani kama watu, mwanangu, unauliza nini?"

"Nakuuliza kwa sababu wodini kwangu hapa ndipo tunapowainua." Sista aligusa ukingo wa kitanda. "Watu ambao moyo umechoka. Ukimlaza chali, maji yanamjaa kifuani, anajisikia anazama. Ukimkalisha hivi, anapata hewa. Huko nyumbani wanaanza na mto mmoja. Kisha wanaomba wa pili. Kisha wa tatu. Mito ikishindwa, wanahamia kwenye kiti. Wengi hawasemi. Wanasema wanapenda redio."

Mama Godoro alibaki amesimama.  Kisha akageuka, akapita mlango wa nyuma kuelekea nyumbani, maana nyumba ilikuwa nyuma ya karakana. Walimsikia akifungua kabati.

Alirudi amekumbatia mito mitatu.

Aliishona yeye. Wa kwanza alimshonea alipolalamika shingo. Wa pili alipolalamika mgongo, na hapo alimtania: "Mume wangu, umekuwa sultani?" Wa tatu alipouomba alimcheka waziwazi, akamwambia, "Bado kidogo utalala darini." Naye alicheka pia, akasema, "Shona tu, mke wangu, ujaze sana." Akaujaza. Aliushindilia sponji kwa mikono yake mpaka mshono ukakaza, wala hakujiuliza mtu anazidi kupanda kwenda wapi.

Sasa alikishusha kitanda mwenyewe. Kikamkubalia kwa muda. Akapanga mito palepale pa kichwa, mmoja juu ya mwingine, akarudi nyuma.

Kri... kri... kri... Kitanda kikapanda, kikatulia. Mama Godoro akaondoa mito, akaisogeza pembeni ya godoro, akaipanga tena kwenye fremu, ubavuni. Mto wa juu ulifika sawasawa na ukingo wa godoro lililoinuka. Haukuzidi hata kwa unywele.

"Alipima," alinong'ona binti. "Baba alipima kwa mito yako."

Mama Godoro alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mahali ambapo mtu hukaa akiwa amekuja kumtazama mgonjwa. Hakumwangalia bintiye wala Sista. Aliangalia lile bonyeo katika plastiki ya buluu.

"Haya, baba watoto," alisema. "Nikilala nazama, nikikaa naelea. Nimekitegua. Ni wewe." Akainama karibu na godoro. "Ulikuwa unaniambia, nami nikakutajia kifuniko cha chupa."

 Nje mtu alipita akipiga mluzi, akaenda zake.

"Nimechelewa, lakini nimetegua. Kwa hiyo mji sikupi, umesikia? Aliyetegua hatoi mji." Akalainisha plastiki kwa kiganja. "Ila wewe nakupa. Chukua mji wowote unaoutaka. Wenye hewa nyingi. Nenda, wala usirudi kunieleza ulikula nini."

 Kisha, upande wa miguuni mwa kitanda, mkono ukaanza kuzunguka. Safari hii ulizunguka kushoto. Kri... kri... Godoro lilishuka naye akiwa amekaa ukingoni, polepole, kwa adabu, kama mtu anayeshusha mzigo asiamshe mtoto. Lilishuka mpaka likanyooka. Wote watatu walibana pumzi wakisubiri ile pumzi nyingine.

Haikuja. Bonyeo la katikati lilijaa kidogo kidogo, plastiki ikawa tambarare. Mama Godoro aliipapasa. Ilikuwa baridi, kama plastiki yoyote dukani.

Hapo ndipo alipolia. Siku ya maziko hakulia vile.

Sista alimwacha alie, akaja kumshika bega. Kisha akamwambia binti, "Niwekee alama ya rangi nyekundu kwenye bomba, pale alipokuwa anasimama. Wauguzi wangu wapya hawapajui." Binti alichukua brashi. Mstari ulitoka umenyooka. Kisha wakakisukuma kitanda nje, juani, kikaondoka na Sista. Kilikuwa kimelala.

Usiku ule Mama Godoro alilalia mto mmoja, ile mingine ameikumbatia.

Mchana uliofuata mama na binti walikaa mlangoni mwa karakana wakala. Masikio yao yote yalikuwa ndani. Saa ya kuvua viatu ilifika, ikapita. Pale kitanda kilipokuwa kimesimama palibaki michoro ya chaki tu, nusu imefutwa kwa kisigino.

"Kumetulia," alisema binti.

Mama Godoro aliinua kichwa ghafla, kama aliyeitwa kutoka mbali.

"Tega," alisema.