Tulivyoangaliziana Mtihani wa Furaha

Wifi yangu anatafiti furaha. Mwenyewe husema "ustawi wa watu mahali pa kazi", na ana shahada za saikolojia za kumruhusu kusema hivyo, lakini mimi nimeolewa na kaka yake na nimemwona akinuna siku nzima kwa kunyimwa paja la kuku, kwa hiyo naiita furaha. Huingia viwandani, maofisini na mashuleni akiwauliza watu kama kazi yao inawajenga au inawamaliza. Muhula uliopita ikawa zamu ya shule yetu.

Niliingoja siku hiyo kwa hamu, kwa sababu ya Shangazi. Huyu ni mwalimu wetu wa darasa la kwanza, na shule nzima inamwita hivyo, hata mwalimu mkuu aliyemzidi umri. Meza yake imegusana na yangu katika chumba cha walimu, na wanangu wote walijifunza kusoma mikononi mwake. Siku chache kabla nilimkuta ameshika kichwa. Nilipomuuliza ana nini, akajibu kwa sauti ya chini, "Muhula huu ukiisha naacha kazi. Usimwambie mtu."

"Kwa nini, Shangazi?"

"Nimechoka tu, mwanangu."

Nililia njia nzima kurudi nyumbani, na mimi si mtu wa kulialia. Lakini wifi alikuwa ameshasema kwamba shule ambazo walimu wake wameelemewa ndizo zitakazopewa walimu wasaidizi kwanza. Nikajipa moyo: majibu yetu yatasema, msaada utakuja, Shangazi atabaki. Nilisahau kwamba watakaojibu ni walimu.

Wifi aligawa karatasi zake, akaeleza kwamba hakuna jibu sahihi wala kosa, kila mtu ajibu ya moyoni mwake na asiandike jina. Kisha akatoka ili tusimwonee haya. Mwalimu mkuu, kabla ya kumfuata, akakohoa.

"Walimu wenzangu, shule hii haijawahi kushika mkia. Msiniangushe."

Mlango ulipofungwa tu, mwalimu wa historia akamwinamia mwalimu wa hesabu. "Namba nne umeweka nini?"

"Nakubali kabisa."

"Na namba tano?"

"Bwana, weka nakubali kabisa kote, utapata zote."

Hapo ndipo ungetuona! Watu wanaowatenganisha watoto siku ya mtihani, wanaokagua mpaka vifutio kama vimeandikwa kitu, sasa kila mmoja amenyoosha shingo kwa jirani yake. Nyani haoni kundule. Mimi nilianza na ukweli wangu, nikaona alama za wenzangu zote zimepangana upande mmoja, nikafuta na kuzifuata. Shangazi alijaza haraka kuliko wote akakimbilia darasani, maana kelele za watoto wake zilikuwa zimeshafika uwanjani.

Jumapili wifi akatua kwangu. Hata viatu hakuvua.

"Wifi, mmeangaliziana!"

"Nani kasema?"

"Swali la tatu linasema, 'Naipenda kazi yangu.' Mmekubali kabisa. La kumi na moja linasema, 'Kila asubuhi natamani nisije kazini.' Mmekubali kabisa! Shule nzima! Lile swali nimelitega makusudi, linase wanaojaza bila kusoma. Kwenye kiwanda cha sabuni halikunasa mtu. Benki lilinasa wawili. Nyinyi mnaolipwa kufundisha watu kusoma, mmenasa wote."

Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nikamuuliza wifi, "Kwa hiyo tumehesabiwa tuna furaha?"

"Hamkuhesabiwa kabisa. Karatasi zenu hazifai, na wiki ijayo nafunga orodha ya shule zitakazopewa wasaidizi."

Nikamwambia kwamba kuna mwenzetu anaondoka, na kwamba akiondoka huyo, shule itabaki kuta na mabati. Jina sikulitaja. Wifi akakaa, akavua viatu.

"Hebu niambie. Nyinyi mkiona karatasi ya maswali, mnafanya nini?"

"Tunatafuta jibu analolitaka mtungaji."

"Na mkitunga nyinyi?"

Sikuelewa anakoelekea mpaka Jumatano baada ya masomo, aliporudi shuleni na karatasi tupu. Akampa kila mtu moja. "Maswali yangu yameshindwa," akasema. "Watunga mitihani ni nyinyi. Kila mmoja anitungie swali moja, lile ambalo angependa kuulizwa kuhusu kazi yake. Majibu siyataki."

Mpe mwalimu nafasi ya kutunga swali uone! Vichwa viliinama, kalamu zikakimbia. Mwalimu wa hesabu alifunika karatasi yake kwa kiganja, asiibiwe. Hata mwalimu mkuu aliomba yake. Wifi alizikusanya, akazichanganya, akaanza kuzisoma moja moja.

"'Kwa nini jambo la sentensi moja linaitishiwa kikao cha saa nzima?'"

Wote tukatazama dari. Mwalimu mkuu akakohoa.

"'Mara ya mwisho kuambiwa umefundisha vizuri ilikuwa lini?'"

Wifi akafungua nyingine.

"'Ukitaka kwenda msalani, darasa unamwachia nani?'"

Wengine walicheka. Kisha kicheko kikafa chenyewe, kwa sababu sisi kengele ikilia tunabadilishana madarasa na kupumua. Ni mmoja tu anayekaa na watoto walewale tangu asubuhi, na mapumziko anabaki nao uwanjani.

"Mimi huwa sinywi maji," Shangazi akasema, macho yakiwa mikononi mwake. "Nikitoka nyumbani mpaka nirudi. Wale siwezi kuwaacha, siku moja nilitoka kidogo tu, nikamkuta mmoja yuko juu ya dirisha. Sasa daktari anasema figo zangu zinalalamika. Nikaona niache kazi kabla hazijaniacha." Akatabasamu kwa shida. "Mtu mzima utasimamaje kikaoni kuomba ruhusa ya choo?"

Nilijichukia. Miaka yote hiyo meza zetu zimegusana, kikombe chake kimefunikwa, na mimi nikidhani hapendi chai.

Mwalimu mkuu akasimama. Nilijua sasa tutahubiriwa habari za kushika mkia. "Saa nne nitakuja mimi," akasema. "Kila siku."

"Na saa sita nitakwenda mimi," akadakia mwalimu wa hesabu.

"Tuitishe kikao tupange?" akauliza wa historia, na safari hii hata mwalimu mkuu alicheka. Wifi aliinama akifuta miwani yake, na ilimchukua muda mrefu kuimaliza.

Siku ya kwanza mwalimu mkuu alitoka darasa la kwanza tai imekaa begani na koti limejaa chaki. "Wale watoto hupumua saa ngapi?" akamuuliza Shangazi. Wenyewe walikuwa wameshambatiza Shangazi Mkuu, na jina hilo limemganda mpaka leo. Kwa maswali yale, shule yetu iliingia kwenye orodha. Mwalimu msaidizi hajafika bado, barua zinasafiri kwa miguu, lakini zamu zetu hazijakosekana hata siku ambazo mwalimu wa hesabu amenuna.

Wiki ya mwisho ya muhula niliogopa kumuuliza Shangazi. Nilikaa mezani nikijifanya nasahihisha madaftari. Yeye alikuja, akajimiminia maji glasi ikajaa, akanywa yote bila kupumzika, akajimiminia tena.

"Mwanangu," akasema huku akifuta midomo, "wewe si unasikilizwa na mwalimu mkuu? Mwambie muhula ujao nataka chumba kilicho karibu na choo."