Bado Anakula

Binti yangu Matumaini ni kichwa kigumu, na ukaidi huo hakuutoa kwa baba yake. Wiki nzima nilimwambia: siku watakapokuja kukuchukua waimbe chochote, lakini wimbo wa mlangoni sitaki kuusikia. Akanijibu, "Maman, muko munaogopa wimbo? Mukifungula mulango bure, bantu batasema mulichoka na miye."

Alisema kweli, ndiyo maana nilikasirika. Kwetu, sisi ambao babu zetu walitoka Kasongo wakaja kuzaa hapa Panda, mjini Likasi, shangazi za bwana harusi huja mchana, siku moja kabla ya ndoa, kumchukua bibi harusi wakampake hina kwao. Wanaimba nje: "Hodi, wenye nyumba, tumefuata mgeni wetu." Ndani, ndugu aliyeshika mlango anajibu: "Mgeni wenu bado anakula." Mara ya pili, bado ananawa. Mara ya tatu anavaa viatu, na mlango unafunguliwa. Msichana asiyezuiwa ni kama hana kwao.

Miaka kumi na tisa iliyopita nilimzuia mdogo wangu Samira. Eh, siku hizo nilikuwa na mdomo! Baada ya viatu nikaimba anatafuta kitambaa. Nikaimba anachana nywele. Nikaimba anawaaga kuku. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, Samira mwenyewe akifuta machozi ya kicheko. Kila nilipotaka kufungua, kitu kilininong'oneza sikioni: ongeza. Nikaongeza mpaka mara ya tisa. Walipoondoka mvua ilikuwa imeanza, na barabara ya Kakontwe, kwao bwana harusi, ni tope tupu. Kwenye kona, lori la mawe likateleza likaiangukia gari yao. Tulimzika Samira mikono mitupu, bila hina.

Tangu hapo nasikia hodi. Nikiosha sufuria, hodi. Nikiwa kwenye swala, Mungu anisamehe, hodi, na ulimi unataka kujibu. Nilijiambia aliyeninong'oneza ni shetani, na mimi nikamtii. Mama, ambaye naishi naye mpaka leo, hakunilaumu hata siku moja. Nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa yote aliyonitendea.

Sasa Matumaini naye, katika wanaume wote wa Likasi, akampata wa Kakontwe.

Jumamosi wakaja na vigelegele. Binti yangu alikuwa amenishinda: nilishika komeo mwenyewe, nikatazama dirishani: wingu jeusi. Wakaimba hodi. Nikajibu anakula. Nikajibu ananawa. Nikajibu anavaa viatu, na mkono wangu ukagoma. Nikimfungulia, anaingia barabara ileile. Nikizidi kumshika, nawachelewesha mvua iwakute.

"Maman, fungula," Matumaini akasema. "Tatu inatosha."

Nje wakarudia hodi. Ndipo nikaisikia tena sikioni, sauti ileile, pumzi ileile ya moto.

"Ongeza."

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na fimbo yake, midomo karibu na shingo yangu. Mkono wa pili ulikuwa umekamata upindo wa kitenge cha Matumaini.

"Mama! Kumbe ni ninyi? Na ile siku ya Samira?"

"Nilitaka akae kidogo," akasema. "Kidogo tu, Tausi."

Nusura nimpige, mama yangu mzazi. Miaka kumi na tisa ameniangalia nikijitafuna roho, naye kimya! Lakini ngoma ilikuwa inapigwa nje, na wingu halikuwa linanisubiri nimalize hasira. Nikamfungua vidole kimoja kimoja. Alikuwa na nguvu, huwezi kuamini. Kisha nikavuta komeo, nikaimba kwa sauti iliyokauka: "Mgeni wenu ameshiba."

Matumaini akanikumbatia, akatoka mbio. Gari ilipofika mwisho wa mtaa, matone ya kwanza yalianza kupiga mabati. Mimi na mama tukakaa, simu katikati yetu juu ya meza.

Saa kumi na moja simu ikalia. Matumaini alikuwa ametuma picha: mikono yake miwili, hina mbichi mpaka kwenye viwiko. Nikalia, nikampa mama simu. Akaitazama sana, akaisogeza karibu na macho.

"Na picha ya Samira," akaniuliza, "iko wapi?"