Mwiba Uliopitwa na Mionzi

Goti la Nlandu lilivimba tangu alipoteleza mchikichini akikata ngazi, mikungu ya chikichi. Hospitali ya misheni wakampiga picha, mpimaji akaiinua kwenye mwanga, akasema, "Picha safi. Hakuna kitu."

Kauli hiyo ndiyo iliyowaharibia. Kwa Wakongo wa kijijini kwao, ugonjwa usioonekana hospitalini si wa Mungu, ni wa watu, umelogwa. Na wa kwanza kushukiwa ni mjomba, mkuu wa ukoo wa mama.

Ukoo ukakutana. Mama mdogo wa Nlandu akamrukia kaka yake, Mzee Mbumba. "Utakula wangapi ndio ushibe, kaka? Mwachie mtoto mguu wake!"

Mzee aliapa mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe, kwa kuchoka tu, akatema mate ya baraka. "Kama ni mimi, basi namwachia."

"Amekiri!" wakapiga kelele, wakamfukuza. Akaenda kuishi kibandani ng'ambo ya mto. Na Nlandu, aibu yake, alinyoosha mguu akanyamaza.

Goti halikupona. Daktari mgeni akamuuliza kazi yake, akapasua, akatoa mwiba mweusi wa mchikichi.

"Mbona picha ilisema hakuna kitu?"

"Picha haikusema hivyo. Ilisema hakuna kinachozuia mionzi. Mfupa huzuia, risasi huzuia, ndiyo maana huonekana vyeupe. Mwiba ni kitu kinachopitisha mionzi. Inaupita tu, hauachi hata alama. Hukumwambia mpimaji kuwa unakwea michikichi?"

"Aliniuliza naumwa wapi tu."

Nlandu alivuka mto na dumu la tembo, mwiba akiwa ameufunga kwenye karatasi. Akapiga magoti mlangoni. "Mjomba, nisamehe. Ni huu hapa. Hukuwa wewe."

Mzee alikuwa amekonda vibaya. Aliugeuzageuza mwiba kiganjani, tembo hakuigusa.

"Mwanangu, nimekaa hapa nikijihoji. Wiki ile ulinijibu ovyo mbele ya watu. Nililala na hasira. Labda roho yangu ilitoka usiku ikakuloga, nisijue."

"Mjomba, ni mwiba wa mti!"

"Naona ni mwiba. Nani aliuingiza?"

Nlandu alieleza habari za mionzi, akarudia, akalia. Mzee alimsikiliza kwa upole, kisha akamrudishia karatasi yake.

"Nenda nyumbani, mwanangu," alisema. "Nenda kabla sijakukasirikia tena."