Dozi Mbili kwa Kila Bidoni

Miaka minne nimesimama kwenye chemchemi ya mtaa wetu wa Mugunga na bomba la sindano lisilo na ncha, nikitia dawa ya klorini katika kila bidoni, kila dumu la maji linaloletwa. Kazi ya kitoto, utasema. Lakini kwenye avenyu yetu kipindupindu hakikugonga mlango hata mmoja, na watu walijua ni kwa sababu ya nani. Hata mimi nilijua, na nilivimba kichwa, sitaficha.

Mwezi wa tatu mwaka huu maji yakaanza kunuka vernisi, ile ya kung'arishia mbao. Jirani yangu Kahambu, aliyekuwa akimkorogea mwanawe maziwa ya kopo kwa maji hayo, ndiye wa kwanza kuuliza.

“Mama Pascasie, hii maji iko na harufu gani?”

“Itaisha tu. Nitakutilia dozi mbili.”

Nikamtilia. Baadaye nikawatilia wote mbilimbili. Kwangu kila ubaya wa maji ulikuwa mdudu, na cha kumuua mdudu nilikuwa nacho mkononi.

Wiki ya sita ya harufu hiyo akaja fundi wa maji, Mirindi, na vichupa vyake vya kupimia. Majibu yalipotoka alinieleza bila kunitazama. Karakana moja huko juu husafisha mota kwa kiyeyushi cha grisi, na mabaki huyamwaga kwenye ufa wa mawe ya volkano. Nani hapa hamwagi uchafu kwenye ufa? Unameza kila kitu na haujai. Sasa tulijua unakopeleka.

“Dozi mbili ilisaidia?” nikamuuliza.

“Hata kidogo, mama. Hii haiko mududu. Kuitoa inaomba mapompi ya hewa na makaa ya kuchujia, labda miaka mbili ao tatu.”

“Na batoto benye balikunywa?”

“Batapimwa.”

Nilidhani nitalia. Sikulia. Nikaosha sindano yangu kama siku zote.

Wakafunga chemchemi. Mirindi akaniomba nisimame pale niwarudishe watu, maana mimi wananisikia. Kahambu akaja na bidoni, mtoto mgongoni.

“Unitilie tatu basi. Ku ziwa ni mbali.”

Ningeweza kumwambia kwamba pamefungwa, yakaisha. Lakini mdomo ulijisemea wenyewe: “Ile dawa haikukusaidia kitu, Mama Kahambu. Sikujua, nikasema sawa na mutu mwenye anajua.”

Akakaza kitenge cha mtoto mgongoni.

“Mutoto wangu nilimunywesha juu ya maneno ya kinywa yako.”

Akaenda zake. Sikuhisi aibu wala huruma. Nilihisi njaa tu.

Wiki iliyofuata nikahamishiwa ufukweni mwa ziwa, ambako mtaa mzima sasa unachota. Huko kipindupindu kipo kweli, na dawa inakiua kweli. Wawili wa avenyu yetu walikuwa wamelazwa tayari. Kahambu alipotoka majini nilinyoosha sindano. Akafunika mdomo wa bidoni kwa kiganja.

“Hapana. Usiguse maji yangu tena.”

“Hapa inasaidia. Nakulapia, kweli ya Mungu.”

“Ni vile ulisema hata kule.”

Wanawake waliokuwa nyuma yake walimsikia. Mmoja akafunika bidoni yake, kisha wa pili, kisha foleni nzima. Wakapita mbele yangu na maji mabichi, wakapanda kwenda kuwanywesha watoto.