O Kubwa

Lubega alikuwa mtu wa Pascal, na watu wa Pascal siku hizi ni wachache na wana maringo yao. Aliisoma lugha hiyo ya kompyuta chuoni Kampala, kwa mwalimu aliyewachachafya wanafunzi kwa maneno kila walipoandika ovyo. Kila jina lianze kwa herufi kubwa, ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyoandika tangu siku hiyo. Wenzake walihamia JavaScript zamani wakamcheka, naye akawajibu kwamba JavaScript ni lugha ya watu wasiofunga mlango wa choo.

Alipokuja Juba kufanya kazi kwa Nuradin, Msomali wa Garissa mwenye ghala la unga na mafuta ya kupikia pale Jebel, alikuja na programu inayokuacha uandike Pascal yako kwa raha, kisha yenyewe inaigeuza kuwa JavaScript ili kivinjari kiielewe. Kwa programu hiyo aliunda ukurasa wa kufuatilia malori ya Nuradin kwenye barabara ya Nimule: lori likitembea ni la kijani, likisimama ni la njano. Ramani na mawasiliano na vifaa vilivyofungwa ndani ya malori hakuviandika yeye. Vilitoka kwenye maktaba ya JavaScript, rundo la programu zilizokwisha kuandikwa na watu waliouza vifaa hivyo, na kazi ya Lubega ilikuwa kuitambulisha maktaba hiyo kwa Pascal. Kwa kila kitu cha nje unaandika mstari wenye neno "external", maana yake: kitu hiki kipo huko nje, usikitafute, niamini mimi. Na programu inakuamini. Haiulizi hata swali moja, jambo ambalo Lubega alilipenda.

Kisha vikaja vifaa vipya vyenye kitufe cha hatari, kinachofichwa chini ya usukani. Dereva akipatwa na shida anabonyeza, na lori lake linageuka jekundu kwenye ramani. Lubega aliongeza mistari michache kwenye ukurasa wake, akafunga kitufe cha kwanza kwenye lori la Bille, dereva wa zamani kuliko wote pale, na wafanyakazi wa ghala wakakusanyika kutazama. Bille akabonyeza. Taa ndogo ya kifaa ikawaka, watu wakapiga makofi, na Lubega akapiga makofi pamoja nao.

"Ukifinya hii, mimi naona," alimwambia Bille. "Hata kama mimi iko kwa kitanda, naona."

Hakuna aliyekwenda ofisini kuutazama ukurasa. Malori yalikuwa yanachelewa, Nuradin alikuwa anafoka, na taa ilikuwa imewaka. Nani angetaka ushahidi zaidi ya huo?

Asubuhi ninayoisimulia, Deqa, mke wa Bille, aliingia ofisini na ushungi umekaa upande. Ana duka lake la vitambaa sokoni hapo hapo Jebel, na si mwanamke wa kufunga duka bila sababu.

"Fundi, Bille amefika wapi?"

"Karibu, Mama Shueb, kaa." Lubega alimgeuzia kompyuta. "Ona, iko hapa, mbele ya Nesitu. Imesimama kidogo."

"Imesimama tangu lini?"

"Tangu asubuhi asubuhi."

"Bille hasimami hapo. Hapo hata kukojoa hasimami. Na simu yake haipatikani, na ya Eriya haipatikani."

Eriya alikuwa utingo wa Bille, Mganda kama Lubega, mtu wa Mbale aliyeimba vibaya na kwa sauti kubwa. Jumamosi walikuwa wakila pamoja, na ndiye mtu pekee Juba nzima aliyeweza kumchekesha Lubega kuhusu Pascal.

"Mama Shueb, sikia. Kama kuna shida, angefinya button, na gari ingekuwa nyekundu. Hii ni njano. Njano ni tairi, njano ni injini. Mafi mushkila, hakuna shida."

Nuradin, aliyekuwa mezani kwake akipiga hesabu, alimuunga mkono. Alimheshimu Deqa, lakini alikuwa ameshaungua mara moja. "Juzi niliwakimbilia wanajeshi kwa sababu ya lori la Kizza. Wakaenda, wakamkuta Kizza anabadilisha tairi. Wananicheka mpaka leo. Nikirudi bila nyekundu, Deqa, siku ya nyekundu hawatainuka."

"Adeer," Deqa alisema. Ndivyo Wasomali wote pale walivyomwita, baba mdogo. "Adeer, mimi namjua mume wangu."

"Na mimi namjua. Ndiyo maana nasema angebonyeza."

Lubega akaenda kumletea chai ya maziwa, akampa kikombe mkononi na kumwambia atulie. Alisema kwa nia njema kabisa. Deqa alikishika kikombe bila kunywa, akaikazia macho ile alama ya njano isiyosogea, akaikazia mpaka chai ikaanza kutanda utando. Kisha akauliza, na hakuuliza kwa ubishi, aliuliza kama mtu anayeulizia njia:

"Fundi, hiyo nyekundu unayosema. Wewe mwenyewe umewahi kuiona?"

Lubega alifungua kinywa. Alikuwa na jibu, alidhani analo. Akakumbuka taa ndogo, akakumbuka makofi. Nyekundu yenyewe, juu ya ramani, hakuwahi kuiona.

Alivuta kiti, akafungua Pascal yake. Mistari ya kitufe ilikuwa michache, misafi, kila jina na herufi yake kubwa. Akafungua pembeni mfano wa wale wenye maktaba, akaanza kulinganisha neno kwa neno, huku kidole kikifuata mistari juu ya kioo. Jina la kupokea mahali lilipo lori alikuwa amelinakili kutoka kwenye mfano wao, ndiyo maana malori yalitambaa vizuri siku zote. Jina la kupokea hatari aliliandika mwenyewe. Wao waliandika onAlarm. Yeye aliandika OnAlarm.

Kwa Pascal hilo si kosa. Andika Juba, andika JUBA, andika juba, Pascal inaona mji mmoja. Kwa JavaScript, O kubwa na o ndogo ni watu wawili wasiojuana. Na ile lugha ya wasiofunga milango haikupiga hata kelele. Ilipokea jina geni, ikaliweka kando kwa adabu, na maktaba ikaendelea kumwita mtu ambaye hayupo. Ile programu yake nayo ilikaa kimya, kwani si yeye aliyeiambia isitafute? Si yeye aliyesema niamini?

"Nini?" Deqa aliuliza. "Fundi, nini?"

"Herufi moja," Lubega alisema. "Ni herufi moja tu, Mama Shueb."

Alifuta O, akaandika o. Akaiamuru programu igeuze upya. Ikageuza, ikamwambia hakuna kosa lolote, kwa maneno yale yale iliyomwambia mara ya kwanza. Akaufungua ukurasa. Ramani ilijichora polepole, kipande kwa kipande, na Lubega akajikuta anaomba, yeye ambaye kanisani alionekana Krismasi tu. Mungu, iwe njano. Niwe nimekosea herufi na bado iwe njano.

Lori la Bille liligeuka jekundu.

Jumbe za siku hiyo zilizokosa wa kuzipokea zilikuwa zimekaa kwenye seva zikisubiri, na sasa zilishuka chini ya ramani moja baada ya nyingine. Hatari. Hatari. Hatari. Kila moja na saa yake. Ya kwanza ilitumwa kunapambazuka. Baada yake zilifuatana, mara karibu karibu, mara kwa mapengo, asubuhi nzima.

Nuradin hakusubiri kuelezwa. Alitoka na malapa ya kuogea, simu sikioni, akipiga kelele kwa Kiarabu cha Juba kwa mtu wa kambi ya jeshi, na gari lake likasikika likitoka langoni kabla lango halijafunguliwa vizuri.

Deqa alibaki. Alisogeza kiti mpaka karibu na kompyuta, akaanza kusoma saa zile kutoka juu kwenda chini, midomo ikitikisika. Lubega alitaka kuufunga ukurasa na hakuthubutu. Alipofika chini kabisa Deqa aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Hii ni wakati ulikuwa unaniletea chai," alisema.

Lubega aliona afadhali angemtukana. Angempiga. Walikaa wawili mbele ya ramani wakingoja ujumbe mwingine, hata mmoja, na haukuja. Jua lilipanda juu ya bati, ofisi ikawa tanuri, na Lubega aliendelea kuufungua ukurasa upya na upya, mpaka ikawa hajui tena kama anatafuta kitu au anajiadhibu. Alitaka kulia na aliona aibu kulia mbele ya mwanamke ambaye hakulia. Ujumbe bado haukuja.

Nuradin alipiga simu alasiri. Lori lilikuwa mtaroni, tairi za mbele zimepigwa risasi, shehena imebebwa. Bille alikuwa hai, ana risasi ya nyonga, wanamleta. Deqa alishukuru Mungu kwa Kisomali, akainama mpaka paji la uso likagusa meza, na sasa ndipo akalia.

"Na Eriya?" Lubega aliuliza kwenye simu.

"Kwa Eriya, pole," Nuradin alisema.

Waliporudi kukutana kwenye ua wa hospitali, Nuradin alimvuta Lubega kando, karibu na matangi ya maji. Hakuwa na hasira, na hilo lilizidi kumuumiza. "Nani anajua kuhusu hiyo herufi?"

"Mimi. Wewe. Mama Shueb."

"Basi tuseme network. Bille nimeshamwambia hivyo njiani. Madereva wakisikia ni ukurasa wetu, kesho hakuna atakayewasha gari. Network kila mtu Juba anaijua. Khalas, imeisha."

Kwa kweli Lubega alikubali; miguu yake ilikuwa ikienda wodini na neno hilo tayari mdomoni, na aliona jinsi lilivyo jepesi.

Bille alilala chali, uso umekuwa rangi ya majivu, Deqa amemshika mkono. Alipomwona Lubega alijaribu kuinua kichwa.

"Kaka Lubega. Nilifinya."

"Najua."

"Eriya walimpiga hapa." Aligusa tumbo lake mwenyewe. "Walimpiga, wakabeba unga, wakaenda. Mimi siwezi kusimama. Magari mawili yalituona, yakageuza. Sasa yeye akawa anaogopa sana, ananiuliza, 'Wanajua? Juba wanajua?' Kila akiniuliza nafinya, namwonyesha ile taa. Namwambia, ona, imeenda, Lubega ameshatuona, wako njiani. Anatulia." Alipumua. "Alipokufa nikaacha. Sikuwa na wa kumwonyesha."

Deqa aliinua macho akamtazama Lubega, akangoja.

"Najua si wewe," Bille alisema. "Adeer ameniambia. Network ilikuwa mbaya, ama?"

Wodini palikuwa na watu wengi na kelele nyingi, mtoto analia, mtu anaburuza kitanda, na Lubega alitamani kelele hizo zizidi zimfunike. Neno lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi. Angelisema na wote wangeliamini, na Deqa pengine angenyamaza.

"Network ilikuwepo," alisema. "Zote zilifika, kaka Bille. Ni mimi niliandika vibaya, na sikuwahi kujaribu."

Bille hakuonekana kuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na akafumba macho. Alipoyafumbua hakumtazama tena Lubega. Alimwomba mkewe amsaidie kugeuka, na Deqa akaita muuguzi, wakamgeuza taratibu kwa sababu ya nyonga, mpaka uso wake ukaelekea ukutani.