Mwiko Kaenda Matangani

Jina lake la kwenye cheti hakuna aliyelikumbuka. Ukisimama mbele ya karakana ya boti ukauliza, "Mwiko yupo?" unaonyeshwa dirisha la kantini, na ndani yake mwanamke wa miaka arobaini na moja, kilemba kimeenda upande, mkono mmoja unakoroga sufuria na mwingine unamnyooshea kidole fundi rangi. "We, nenda kanawe! Chakula changu hakijaomba kupakwa rangi."

Kupika alikupenda tangu utotoni. Tanga lilimjia ukubwani, tena kwa kupitia tumbo la mtu mwingine. Pale karakana alikuwepo mzee mshona matanga, mtu wa maneno machache na meno machache zaidi, lakini kwa ukoko wa wali angeuza hata sindano zake. Mwiko akawa anamwekea ukoko. Mzee naye, kila Jumapili, akawa anamtoa majini kwa kimashua cha mafunzo. Ikaenda hivyo miaka mitatu, ukoko huku, kamba huku, mpaka Mwiko akajua kutweka tanga na kulikunja, akajua kuusikia upepo shavuni kabla haujafika kwenye kitambaa.

Nyumbani walijua kwamba Jumapili anakwenda kusugua masufuria ya kantini. Nyumbani kwenyewe ni kwa dada yake, aliyemlea tangu wazazi walipofariki, Mwiko akiwa na miaka saba. Nyumba ile haikuwahi kuwa na kiti kitupu, na mwenye nyumba hakuogopa mtu. Alichoogopa ni maji. Hata beseni likijaa sana alilitazama kwa jicho baya. Siku Mwiko alipojaribu kudokeza habari za mashua, dada alimkata kauli: "Mshika mawili moja humponyoka. Wewe una jiko. Jiko halizami."

Ndipo akatokea nahodha. Mwanamke mrefu, sauti ya kuamshia mtaa, mwenye mashua ya milingoti miwili inayozungusha wageni wanane bandari hadi bandari, miezi minane ya mwaka. Mpishi wake alikuwa ameolewa bandari ya nyuma, hivi hivi, katikati ya safari. Nahodha alikula kantini siku mbili. Siku ya tatu alikitazama kiganja kilichompa sahani.

"Sugu hizi si za mwiko. Hizi za kamba."

"Ni za vyote viwili," Mwiko akajibu.

"Basi njoo Ijumaa mpaka Jumapili nikujaribu. Ukinifaa, Jumatano tunang'oa nanga."

Alhamisi Mwiko alikwenda mara tatu mpaka mlango wa chumba cha dada yake, na mara tatu akarudi na swali la kijinga kuhusu vitunguu. Ijumaa asubuhi, dada akiwa sokoni, alichukua begi lake. Kwenye ngazi akakutana na jirani aitwaye Redio, na jina hilo hakupewa kwa sababu ya kuimba.

"Mwambie dada nimekwenda matangani. Nitarudi Jumapili."

Redio akashika kifua. "Matangani! Jamani. Ya nani?"

"Ya kule kazini," Mwiko akasema, na akashuka ngazi mbio.

Uongo hakusema. Alisema ukweli akauvika kaniki, akijua vizuri nani atakutana nao njiani.

*

Jiko la mashua lilikuwa la upana wa kabati. Mwiko alijaza masufuria nusu tu, akafunga vifuniko kwa vitambaa, akajiegemeza ukutani kwa kiuno ili mikono yote miwili ibaki na kazi. Jumamosi mchana alikuwa na samaki kwenye kikaango, huku demani ya tanga la mbele, ile kamba ya kulilegeza, iko mikononi mwake kupitia mlango. Nahodha akapaza sauti: "Geuza!"

Mwiko akageuza. Samaki wote wanane, mmoja mmoja, kwa ustadi mkubwa.

Tanga likapiga makofi, mashua ikasimama kama punda aliyetukanwa, na nahodha akachungulia jikoni. "Nimesema geuza!"

"Nimegeuza! Tazama walivyoiva!"

Wageni walicheka mpaka mmoja akahitaji maji. Nahodha hakucheka. "Kuanzia leo jikoni utafute neno jingine."

"Nitasema pindua."

"Pindua?" Nahodha akagusa mbao haraka haraka. "Neno hilo usilitaje chomboni hata ukiwa na homa!"

Wakakubaliana kwamba samaki atakuwa "analalia ubavu." Amri ya pili ilipokuja, Mwiko alizima moto kwanza, akafungua demani, tanga likapita upande wa pili laini kama ukurasa, na chakula kikafika mezani bila tone kumwagika.

Jumapili, wakifunga kamba gatini, nahodha alimwita pembeni. "Kazi ni yako. Ila mimi sichukui mtu aliyetoroka kwao. Mpishi mwenye siri hutia chumvi mara mbili. Kwenu wanajua?"

Mwiko akatazama vidole vyake vya miguu.

"Nilidhani hivyo. Leo kabla jua halijazama unipigie, uniambie umeaga na umekubaliwa. Usipopiga, nampigia mwingine."

Mzee mshona matanga alikuwa anamngoja gatini. Alimwona Mwiko uso umemshuka, akachukua begi lake bila kuulizwa, na wakaenda wote mpaka kwa dada.

*

Kwanza waliona viatu. Jozi kwa jozi, vimejaa mlangoni mpaka kwenye ngazi. Ndani mikeka imetandikwa, majirani wameshika tama, na dada amekaa katikati, macho mekundu. Redio alikuwa anawasimulia wageni wapya: "... ndiyo, yule yule mzee mshona matanga. Angekuwa nani mwingine? Ya kazini, kaniambia mwenyewe. Alikuwa kama baba kwa Mwiko, mzee wa watu, hana hata ..."

Akainua macho. Mzee alikuwa kizingitini, begi begani.

"Hamjambo?" akasema mzee. "Kuna ukoko?"

Redio alipiga ukelele uliomwangusha paka dirishani. Mtu akasema, "Marehemu!" na wengine wakasogea ukutani. Dada peke yake hakusogea. Alimtazama mzee, akamtazama Mwiko, uso umeungua kwa jua na nywele zina chumvi.

"Nani kafa?"

"Hakuna, dada." Sauti ilikuwa ndogo. "Nilikuwa kwenye matanga ya mashua."

Dada akainuka. "Siku mbili namlilia huyu mzee! Nimetaja mazuri yake mbele za watu, na simjui hata kwa sura!"

"Mazuri gani?" mzee akauliza, amependezwa.

"Nyamaza! Marehemu hasemi."

Alimvuta Mwiko jikoni na kuurudisha mlango. Hapo hasira ilimwisha, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi.

"Maji nayaogopa, kweli. Lakini umemwambia Redio kabla yangu."

"Niliogopa utalia."

"Na nimelia! Nimelia machozi ya bure kwa mtu asiye wangu. Kama ni kulia, si ungeniacha nikulilie wewe?"

Huko sebuleni watu zaidi ya ishirini walikuwa hawajala, na kazi hiyo Mwiko aliijua. Aliwasha jiko, akajaza masufuria nusu, akafunga vifuniko kwa vitambaa. Alipokata vitunguu alipanua miguu na kujiegemeza kwa kiuno kwenye meza, meza ambayo haijawahi kutikisika tangu inunuliwe. Akawa anaeleza hukohuko: mzee, ukoko, Jumapili za miaka mitatu, nahodha, Jumatano, simu kabla ya jua kuzama.

Dada alimtazama miguu muda mrefu.

"Mbona umesimama hivyo?"

"Sakafu bado inacheza, dada."

"Sakafu yangu haichezi. Wewe ndiye umekwisha kuondoka." Alichukua kijiko, akaonja mchuzi, akafumba macho. "Nilikwambia mshika mawili moja humponyoka."

"Sikuyashika mawili. Nimeyafunga pamoja. Mzee alinifundisha fundo lake."

Dada alijifuta uso kwa upande wa khanga. "Huyo nahodha ana namba ya simu?"

Mwiko akapiga, lakini simu ilichukuliwa mkononi mwake kabla hajasema neno. "Nahodha? Mimi ndiye wa kwao. Sikiliza, huyu ana kifua, asikeshe kwenye baridi. Na kila bandari anipigie yeye mwenyewe, kwa Kiswahili kilichonyooka, mafumbo sitaki." Akasikiliza. "Ndiyo. Ameaga. Kwa mkosi, lakini ameaga."

Kisha akafungua mlango wa sebule. Majirani walikuwa wanatafuta viatu vyao, wengine wanajaribu kutomtazama mzee.

"Rudini mkae," dada akasema. "Chakula kinakuja. Matanga haya hatuyaanui. Tutayatweka Jumatano, gatini, na asiyekuja nitajua hakulia nami kwa dhati."

Redio alikuwa ameshafika ngazini, anatangaza.