Mkono wa Fundi Runinga

Kompyuta ya kale ya mama yake ilikuwa nzima, lakini kila runinga mpya waliyoichomekea ilibaki giza tupu. Binti alitaka mama auone tena mchezo wa kompyuta alioanza kuuunda ujanani, ndipo wakaja wote wawili kibandani kwa fundi wa runinga za zamani.

Fundi aliwasha runinga tatu za kizamani, akapitisha mkono mbele ya vioo. Kwenye ya tatu, vinyweleo vya mkono vilimsimama kwa umeme wa kioo.

“Hii ingali hai, dada.”

“Mbona haina picha?” binti aliuliza.

“Usinikimbize. Hata wewe ukiamka huchangamki papo hapo.”

Akachomeka kompyuta, akazungusha kitufe cha stesheni polepole. Chenga nyeupe kwenye kioo zikatulia, ndege wa kijani akatokea. Binti alimvulia fundi kofia kimoyomoyo.

“Mbona ana bawa moja?” fundi aliuliza.

“Nilikatizwa na uchungu wa kumzaa huyu,” mama alijibu, akivuta kiti kwenye kibodi.